Jina Ambalo Gauthier Hakuliita

“Ile siku mujinga ilikuwa miye,” anasema Gauthier kabla hajaulizwa chochote. “Andika vile. Usitafute mwingine.”

Ni saa kumi na mbili asubuhi katika kambi ya waliohama makwao, karibu na uwanja wa ndege wa Bunia. Gauthier, mwenye miaka arobaini na mmoja, anapasha betri sita kando ya makaa na kuzigeuza kama mahindi. Zikipata joto, megafoni itasema kwa dakika ishirini. Zisipopata, itabidi koo lake lifanye kazi yote.

Kila asubuhi anapanda kreti tupu la bia na kuita waliopotea: jina, nguo, mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Denise, aliyekuwa mwalimu huko Djugu, anamsomea orodha kwa sauti ya chini, yeye anaipaza. Majina ni kama sitini kwa siku. Betri hufa kwenye la arobaini hivi, na yanayobaki husubiri kesho.

Malipo yake ni kipande cha sabuni kwa mwezi na ruhusa ya kuruka foleni ya maji. Anatania kwamba maji yenyewe huisha kwa kulainisha koo.

Kazi hii aliianza kwenye machimbo ya dhahabu ya Nizi. Mchanga ulipogawanywa shimoni, yeye ndiye aliyeita kila mchimbaji achukue fungu lake. Sheria ilikuwa moja: anayeita hujiita mwisho, asije akaonekana anajipendelea. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Vita vilipofika Nizi mwezi wa tano, mwaka huu wa 2003, alikimbia na mkewe, Honorine. Risasi zikawatenganisha penye njia panda. Gauthier alifika Bunia peke yake, na sahani mbili. Ile ya Honorine bado haijatumika.

Hapo ndipo ujinga wake ulipoanza, kwa maelezo yake mwenyewe. Alipopewa megafoni, alifuata sheria ya shimoni: majina ya watu kwanza, la Honorine mwisho. Lakini orodha ya kambi haina mwisho. Miezi mitatu ikapita bila mkewe kuitwa hata mara moja.

Tena, hakujiona kuwa msemaji. “Musemaji ni katekista, ni chef wa kijiji,” anasema. “Miye nilikuwa bomba tu. Maneno ya watu inapita mule, inatoka.”

Wiki mbili zilizopita, Immaculée, mchuuzi kutoka Bule, alimfuata baada ya mwito. Alimsifu kwa sauti yake. Kisha akasema jambo moja tu linamsikitisha: huko Kpandroma alimwacha mwanamke aliyemwomba asikilize kambini kama kuna mtu anamwita. Amesikiliza asubuhi tatu. Jana yake alikuwa amewatuma wamama wa chumvi, wanaobeba chumvi kwenda kuiuza huko, wampelekee jibu kwamba hakuna.

Gauthier akauliza ni mwanamke gani.

“Honorine wa Nizi. Iko na alama ya moto kwa mukono.”

Aliuliza mara ya pili, akajibiwa yale yale. Immaculée akamuuliza kama anamjua.

“Ni bibi yangu,” alisema. Anakumbuka kwamba hakuna aliyecheka, na kwamba angependa wangecheka.

Kwenda mwenyewe hawezi. Kpandroma ni siku kadhaa kwa miguu, na kwenye vizuizi mwanamume huulizwa kabila kabla ya jina. Wamama wa chumvi bado wanapita: asubuhi husikiliza mwanzo wa mwito, kisha hushika njia na kupeleka waliyoyasikia. Kutoka Kpandroma watu wanavuka kwenda Uganda, na Honorine, akiamini kwamba hatafutwi, hana sababu ya kubaki.

Kesho yake Gauthier aliita kwa niaba yake mwenyewe. Betri zilikuwa zimekwisha kufa. “Nimeita watu mingi, sikusita hata siku moja,” anasema. “Siku ya kusema ‘miye Gauthier, ninatafuta Honorine’, nikashuka kwa kreti, nikapanda tena. Nikasikia sauti, nikashangaa: kumbe iko ya mutu.”

Tangu siku hiyo anamwita kila asubuhi, lakini bado mwisho. Leo pia. Walioleta majina wamekwisha kutawanyika. Gauthier anasimama juu ya kreti, analipaza jina la mkewe kwa mahema yaliyofungwa, anashuka.

Mpango wake, anasema, ni kulipaza zaidi. Denise, anayekunja orodha, anamwambia mpango mzuri ni kulipandisha juu kabisa, kesho. Gauthier anatikisa kichwa. Kuna wamama wanaotafuta watoto, anasema. Yeye ni nani awatangulie? Nizi nzima ingemcheka. Anayeita hujiita mwisho.

Denise anaingiza orodha mfukoni.

“Papa Gauthier, mwisho ya liste wamama wa chumvi wamekwisha kwenda. Anabakia kusikia ni weye peke yako, na weye unajua yeye iko wapi.”