Chumvi ya Mwalimu

Hakuna anayeosha testi tyubu kama Mama Hilda, na mimi sisifii watu ovyo. Akimaliza huziinua dirishani moja moja, yenye doa inarudi majini. Jina lake Genoveva. Alizaliwa Tumati, akaolewa huku Hirbadaw, akafiwa na mume, na shule aliishia darasa la saba. Miaka kumi na tisa yuko kwenye maabara ya shule yetu. Mimi nimefundisha kemia miaka sita tu, na nikisahau kuvaa miwani ya kinga, anakohoa huko nyuma mpaka nivae.

Siku hiyo kidato cha pili walikuwa kwenye somo la chumvi. Niliwaambia kwamba asidi ikikutana na besi, unapata chumvi na maji, na kwamba chumvi ya mboga ni moja tu katika ukoo mkubwa. Kisha nikainua kopo la fuwele za bluu, nikasema kwa maringo kwamba hii kopa salfeti nayo ni chumvi. Mimi Yahaya ni mtoto wa dukani, Katesh. Baba anauza fuwele hizo hizo kwa jina la mrututu, na kila mnunuzi anajua ni sumu. Lakini mrututu ni neno la dukani, nitalitamkaje mbele ya darasa? Ujinga mtupu.

Kopo lilikuwa limeingia unyevu, kwa hiyo baada ya kipindi nilimwambia Mama Hilda akalifukie. Akauliza kama kweli ile ni chumvi. Nilikuwa nasahihisha madaftari, hata kichwa sikuinua. Nikamjibu ni chumvi kabisa, si amesikia mwenyewe?

Nyumbani alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, mwenye mimba ya miezi minane. Wengine wawili walikufa kwenye ukame. Huyu alikuwa analamba ukuta wa udongo kwa kukosa chumvi, na Mama Hilda akaona ni dhambi kufukia kopo zima, akaenda nalo nyumbani.

Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni pa maabara. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Alishusha miguuni pangu karai la chuma analomnyweshea ng'ombe wake. Ndani lilikuwa limegeuka jekundu la shaba.

"Mwalimu, ni chumvi gani hii inayokula karai?"

Nilimuuliza kama ng'ombe amekunywa. Alisimulia kwamba jioni alimimina kopo lote kwenye maji, akaenda kukata majani wakati fuwele zinayeyuka. Aliporudi, ng'ombe alikuwa ameshanyoosha shingo juu ya karai. Lakini yeye akaona chuma kimebadilika rangi na ule ubluu umefifia. Chumvi anayoijua haifanyi hivyo. Akamsukuma ng'ombe, akaenda kuyamwaga maji shimoni mbali na kisima na kufukia.

Nilimweleza kilichotokea: chuma kina nguvu kuliko shaba, kimeingia kwenye maji na kuitoa shaba iliyokuwamo, nayo ikaganda juu ya karai. Nikamwambia pia kwamba maji yale yangemuua ng'ombe na ndama wake.

"Macho yangu yalikataa," akasema. "Wewe ulisema ni chumvi. Nilikaribia kukuamini wewe."

Nilimwomba radhi, na aibu ile ninayo hadi leo. Nililinunua karai lile kwa kumpa jipya, nikalitundika ukutani, na sasa kila darasa linaanza nalo. Mrututu nauita mrututu.

Ng'ombe alizaa salama. Lakini mchana tukikaa kula makande, nikimsogezea Mama Hilda kikopo cha chumvi, anakiinua dirishani kama testi tyubu.

"Ya kula, au ya mwalimu?"

Walimu wenzangu hucheka. Mimi hukichukua, naionja kwanza mbele yake, ndipo namrudishia.