Waya Uliopita Juu ya Paa Letu

Redio inayokwaruza siivumilii mpaka leo. Nikiingia nyumba ya mtu nikaikuta inanguruma, namwambia aizime au aitengeneze, na akinuna, na anune. Watu wanasema nimezidi ukali. Wacha waseme! Hawakukaa na mama yangu masika ile, mtaani kwetu Nguvumali, redio mapajani na sikio kwenye spika.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, biashara imefunguliwa, na kila aliyekuwa na jamaa Dubai amekuwa mwagizaji wa vitu. Jirani yetu alikuwa na duka barabarani, na nyumba yake ilikuwa nyuma yetu, sisi tumekaa katikati. Wazee wake walitoka Bara Hindi zamani, yeye kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, na makaburini tunakozikia sisi ndiko alikozikia wazazi wake. Miaka yote aliuza khanga na vyombo. Sasa akaona khanga zinauzwa na kila mtu, akaleta kompyuta. Watu wakaanza kwenda kwake kupiga simu, kutuma faksi na hiyo barua pepe iliyokuwa ndiyo kwanza inasikika mjini.

Kompyuta tatu zilikuwa dukani na moja nyumbani kwake, na alitaka zizungumze. Alikuja mwenyewe, kanzu yake imepigwa pasi, akabisha hodi.

"Dada, naomba nipitishe waya juu ya paa lako."

"Ala! Kaka, paa nalo ni kitu cha kuombana?" Mama akacheka. "Pitisha."

Mafundi wakaja siku hiyohiyo. Waya mrefu mweupe ukatoka dukani, ukafungwa kwenye mlingoti wa antena yetu, ukateremka uani kwake. Mwanzo wake, dukani, kulikuwa na kisanduku kilichounganisha kompyuta zote, chenye taa ndogo za kijani. Wanawe walikisifu sana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilipenda maendeleo kama mtu mwingine yeyote. Sikuona ubaya.

Msidhani mama yangu alikuwa mjinga. Miaka ile ya dhiki, sukari ya foleni, sabuni ya kugawana, huyu bwana ndiye aliyemsitiri. Likifika gunia la sukari, husikii tangazo, unasikia tu sauti ya mkewe ukutani, "Dada, njoo tuonane." Betri za redio zilipokuwa zinatafutwa kama dawa, mama yangu hakuzikosa. Alikuwa mjane, na mtu anayemsitiri mjane bila kumtaka kitu hasahauliki. Kwa hiyo akiomba paa, apewe paa.

Basi, mama alikuwa na dada mmoja tu duniani, mkubwa wake, aliyeolewa kusini, kijiji cha mbele ya Mikindani. Mwanzoni mwa masika alikuja msafiri na salamu: mama mkubwa kavimba miguu, hainuki tena kitandani. Mama alitaka kwenda papo hapo. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, njia ya Rufiji imekatika, na yeye mwenyewe ana presha, akipanda ngazi ya hospitali tu anashika ukuta. Kijijini kwao simu hakuna. Watoto wa mama mkubwa walikuwa wamemwagiza yule msafiri neno moja: likitokea la kutokea, tutatangaza redioni, msikilize.

Mnajua saa ya matangazo ya vifo ilivyokuwa. Baada ya habari za mchana, mji mzima unanyamaza. Fundi cherehani anasimamisha mguu, mpika chapati anateremsha kikaango. Anatajwa marehemu, anatajwa alikofia, kisha wanaanza kuitwa jamaa mmojammoja, wa Singida, wa Mombasa, wa Tanga, kila aliye mbali apate habari. Mama alikuwa ameshaswali, amejitanda khanga, ameketi mkekani kabla hata habari hazijaanza.

Siku ya kwanza baada ya waya kufungwa, redio ikaanza kunguruma. Ngrrrr, haiachi. Chini yake unasikia sauti ya mtangazaji ikizama na kuibuka. "...anasikitika kutangaza..." ngrrrr "...cha mama yake mpendwa..." ngrrrr. Mama akazungusha kitufe, akageuza redio, akaipeleka dirishani. Aliponitazama, uso ulikuwa umemshuka.

"Mama yake nani huyo? Umesikia?"

Sikusikia. Siku ile nilikuwa nyumbani kwa bahati tu, siku nyingine saa hiyo niko darasani. Tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Nikiwa nafundisha hesabu, nawaza mama anasikia nini. Nikirudi, nikifika kona ya mtaa naangalia mlangoni kwetu kwanza. Kuna watu? Hakuna watu. Namshukuru Mungu, kisha naingiwa na hofu upya: hakuna watu kwa sababu hakuna msiba, au kwa sababu hakuna aliyesikia?

Haikuchukua muda kugundua. Duka likifungwa Ijumaa adhuhuri, redio inakuwa safi. Umeme ukikatika upande wa dukani, redio yetu ya betri inazungumza vizuri kabisa. Nikamwambia mama, kwa sauti kubwa, maana nilikuwa nimekasirika.

"Ni ule waya wa kaka yako!"

"Usipige kelele. Nishajua zamani."

"Unajua? Na hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba riziki yake inanikera?" Akanyoosha mkeka uliokwisha nyooka. "Nitamwanzaje? Naona muhali."

Muhali! Neno hilo laiti lingekuwa mtu ningelikamata shingo. Watu wa pwani tunakanyagwa mguu, tunamwomba radhi aliyetukanyaga. Nikamwambia basi nitakwenda mimi, mimi sina muhali. Akasema nikienda ni kama kanituma yeye, maana huyo bwana hawezi kuamini mtoto wa juzi kaamka na jambo lake mwenyewe.

Tukajaribu kumpeleka Makorora kwa binamu yangu, akasikilize huko. Alikwenda siku chache. Kisha akagoma, ati saa hiyo ndiyo ya chakula, kila akifika wanamtengea sahani, wataona anakuja kula. Muhali tena. Binamu akaahidi kutusikilizia. Siku anasikiliza, siku mtoto kaanguka, siku yuko sokoni.

Nikaenda kuuliza posta, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa mambo ya mitambo. Alinieleza vizuri. Sheria ipo, akasema. Chombo chochote cha umeme hakiruhusiwi kuvuruga redio za watu wengine. Vyombo vya kuunganisha kompyuta vingine vimetengenezwa kwa maofisi na viwanda, huko hakuna anayesikiliza redio, na vingine vya majumbani, vimezibwa visitoe mngurumo. Ukileta cha ofisini ukakitia katikati ya nyumba za watu, kikavuruga, ni juu yako kurekebisha kwa gharama yako, na usiporekebisha kinazimwa. Nilifurahi nusura nimbusu mkono. Kisha akasema mlalamikaji lazima atoe jina lake na nyumba yake, na mlalamikiwa ataonyeshwa jina hilo.

Nilimfikishia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Ukiandika jina la nyumba hii kumshitaki jirani yangu, radhi yangu usiitafute."

Radhi ya mama haichezewi. Sikuandika, lakini usingizi ulinihama.

Mvua zilipoanza kupungua, serikali yenyewe ikatuletea mtu. Hakuitwa na yeyote. Alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, anapita miji yote kukagua mitambo iliyoingia nchini kwa wingi bila kibali. Alianza dukani kwa jirani, akaufuata ule waya kwa macho, ukamfikisha kwetu. Ilikuwa Jumamosi, niko nyumbani. Alikuja na kidude chenye antena mkononi, na nyuma yake jirani yetu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Nimekuja kuuliza jambo dogo. Tangu waya huu upite hapa, redio yenu ina matatizo?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi. "Mwanangu, kamletee mgeni maji ya kunywa." Kisha yeye, mtu mzima mwenye tasbihi mkononi, akamgeukia yule kijana. "Hapana, baba. Redio yetu safi kabisa."

Nilisimama na kikombe mlangoni. Mama yangu, ambaye alitufundisha kwamba uongo unavunja udhu!

Yule kijana akaomba kuiwasha. Ngrrrr.

"Aa, hiyo ndiyo sauti yake," mama akasema. "Kuukuu hiyo."

Kijana akajizuia kucheka. Akakisogeza kidude chake kwenye mlingoti, kikapiga kelele. Akarudi dukani, akakipindua kile kisanduku, akamwonyesha jirani yetu maandishi ya chini, kwamba si cha kutumika katika makazi ya watu, na kwamba hakina muhuri wa kukubaliwa nchini. Hakumtoza wala hakumtukana. Alimwambia azime leo hii, aondoe waya ule, alete wenye koti la chuma ndani la kuzuia mngurumo, na kisanduku cha majumbani chenye kibali, ndipo awashe. Jirani yetu akaitikia kila neno. Kabla ya magharibi waya ulikuwa umeshateremshwa. Alikuja kumwomba mama radhi kwa usumbufu, mama akamwambia usumbufu gani, kaka, sisi hatukusikia kitu.

Kesho yake, Jumapili, redio ikazungumza. Ilikuwa safi mpaka unasikia mtangazaji akifunua karatasi. Mama aliketi mkekani, mimi nimeketi karibu naye nachambua mchele, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa masika nilikuwa na amani. Vifo vikatangazwa, hakuna wetu. Mama akavuta pumzi. Kisha zikafuata shukrani, zile za watu waliokwisha zika, ambazo nusu ya mji huwa imeshaacha kuzisikiliza.

Likatajwa jina la mama mkubwa.

Familia yake inatoa shukrani za dhati kwa wote walioshiriki nao katika mazishi. Kwa kuwa si rahisi kumshukuru kila mmoja, wapokee shukrani hizi. Khitma ya arobaini itasomwa Ijumaa, nyumbani kwa marehemu.

Mama hakulia mara moja. Alitazama viganja vyake. Vilikuwa na hina iliyoanza kufifia, aliyotiwa kwenye harusi ya Chumbageni wiki chache nyuma, na kule alicheza, nilimwona kwa macho yangu, alicheza na kupiga vigelegele, dada yake yumo kaburini. Alianza kuvisugua kwa khanga, taratibu, kisha kwa nguvu. "Walinitangaza," akasema. "Walinitaja jina. Walinisubiri." Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye, kwa uchungu na kwa hasira, na sikujua hasira ile niielekeze kwa nani.

Habari ikazagaa. Tukatandika mikeka, watu wakaja kutupa pole. Alasiri akaingia jirani yetu na mkewe, wamebeba unga na sukari na majani ya chai, kama ada. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemfahamu mama mkubwa tangu ujana wao.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Dada, amefariki lini?"

Nilikuwa nimeketi ubavuni kwa mama. Nikajikohoza. Nilikuwa nimeyapanga yote, tangu mlingoti mpaka arobaini, na nilitaka ayasikie mbele ya watu. Mkono wa mama ukapita chini ya khanga, ukanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

"Juzi, kaka," akasema. "Juzi tu."

Jirani yetu akatikisa kichwa, akainua viganja. "Alhamdulillahi. Afadhali ule waya ulishaondolewa, dada yangu. Ungeikosa habari."

"Ni kweli, kaka," mama akasema. "Mungu mkubwa." Kisha akamwambia mkewe asogee, mkeka bado una nafasi.