Saa Iliyong'aa Gizani

Miaka ya hamsini nilikuwa mpimaji kwenye shamba la utafiti wa kahawa, Ruiru. Tuliweka mbolea yenye mionzi, miale isiyoonekana kwa macho, chini ya mti mmoja, kisha nikapima miti ya jirani kwa mashine tujue mizizi imefika wapi. Penye miale, mashine hulia.

Jumatatu moja nilivaa saa mpya kutoka Thika, yenye mishale inayong'aa gizani, mkono wa shati nimeukunja ionekane. Mashine ikalia kila mti! Mtafiti wetu, Mzungu mpole, akaita wakubwa wa Nairobi waje waone mizizi ya ajabu. Nikawapimia kwa maringo, hadi nguzo ya ua isiyo na mizizi. Nayo ikalia.

"Kamau," mtafiti akasema polepole, "hebu vua hiyo saa."

Kumbe rangi ya mishale ndiyo yenye miale. Nikavua. Nguzo ikanyamaza, nami nikakunjua mkono wa shati.