Mbegu za Migomba Walizoleta Wakwe

Nakumbuka vizuri siku watu waliokuja kuwa wakwe zangu walipofika Matombo kunichumbia, mwanangu, kwa sababu nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walileta machipukizi ya migomba, mazuri kweli, yamefungwa kwa kamba. Zawadi ya heshima hiyo. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwangalizi wa shamba la ukoo wetu. Akawapokea, akawapa chai, halafu akatoa kisu na kuanza kumenya mashina ya zawadi yao mbele ya macho yao. La kwanza lilikuwa jeupe. La pili jeupe. Mama akamkonyeza aache, naye akajifanya haoni. Nikaona ni ndoa yangu inayomenywa pale.

"Mzee mwenzangu, unatukagua?" baba mkwe akauliza.

"Ninyi nimeshawapokea, karibuni sana," mjomba akasema. "Hii migomba ndiyo siijui."

Chipukizi la mwisho lilikuwa na vitundu vyeusi, na ndani yake funza mweupe, mnene. Fukusi wa migomba huyo, mdudu anayekula shina kutoka ndani mpaka mgomba uanguke, na kwetu alikuwa hajafika. Nikajua yameisha. Baba mkwe akaomba kisu. Akamaliza kulimenya mwenyewe, akasema akirudi nyumbani ataanza na shamba lake. Masika yaliyofuata upepo uliangusha migomba yake mingi, na mbegu safi alizifuata kwetu. Alinipenda mpaka anaingia kaburini, yule mzee.

Sasa wewe umenipigia simu uko Mikese na miche ya migomba ya bei poa, kama unavyosema, unasubiri gari la kuja huku. Nimefurahi, na nimeogopa. Usiniambie majani yanapendeza. Fukusi hakai kwenye majani. Muulize muuzaji imetoka shamba gani. Menya kila mmoja hapo hapo, na wenye tundu usiuache njiani, ukatekate uuchome. Halafu jiulize: huyu mdudu akishaingia, tutamtoaje? Migomba ya jirani imegusana na yetu, na watoto wa jirani huyo wanakula humo. Muuzaji akinuna, mwambie umelelewa hivyo.

Mungu akufikishe salama, mwanangu, aibariki mikono yako. Na ukifika mikono mitupu, ndizi zipo jikoni.