Ng'ombe Wasio na Nundu

Enzi za Mwingereza, mkaguzi mmoja mzungu wa reli pale Tabora aliijaza sebule yake meza kubwa, akatandaza juu yake reli nyembamba na treni ya kuchezea ya kutiwa ufunguo. Mtu mzima mwenye masharubu, anajipigia filimbi mwenyewe. Mimi nilikuwa seremala ninayetafuta kuingia karakana ya reli. Aliniita nimtengenezee mashamba na ng'ombe wa kandokando ya njia, akaniahidi barua ya kupeleka karakana iwapo wageni wake wangependezwa. Alisisitiza kila kitu kiwe kama kilivyo Unyamwezi.

Nami mjinga nikaamini. Nilifinyanga matuta kwa udongo wa kichuguu, nikaotesha juu yake viazi vya nyuzi za katani. Nikachonga ng'ombe kumi na mmoja kwa mninga, mmoja mmoja, nikiwafuata wale wa baba kule Kwihara.

Bwana alipoyaona matuta alisema yanafanana na makaburi, akayasawazisha yote kwa kijiko cha chai. Laiti ningekuwa na mvua ya masika ya kumnyeshea, angeona viazi visivyo na matuta vinavyooza. Kisha akawasukuma ng'ombe wangu katikati ya miombo ya sifongo, ambako mbung'o wangewamaliza kabla treni haijazunguka mara mbili. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: akasema nundu zile ni kama majipu, ziondolewe. Miaka yote aliyokaa nchini, ng'ombe alimjua akiwa kwenye sahani tu.

Zikaondolewa, zote kumi na moja, na migongo ikapigwa msasa.

Wageni walipendezwa. Siku niliyopewa barua, baba alikuwa amekuja mjini kunijulia hali, na bwana kwa majivuno akamkaribisha aione meza. Baba aliinama, akamtambua fahali wake kwa pembe iliyopinda. Akaaga, tukatoka. Tulipofika barabarani akaniuliza nani aliwakata nundu. Nikamjibu kuwa ni bwana.

"Bwana anajua kushika patasi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Karakana walinipokea juma lililofuata, nikafanya kazi pale hadi uzeeni, na kisa cha yule mzungu nimewachekesha nacho watu wengi. Nikifika penye nundu, husema alizikata yeye.