Samaki Wataogopa

Juzi, katika hoteli moja mjini Kericho, nilimwona kijana akisugua utelezi wa kijani ndani ya tangi la samaki. Harufu ya yale maji yaliyolala ikanirudisha hospitalini, alikokuwa amelazwa mama. Nilikuwa mtoto, nikimngoja baba atoke wodini, kando ya tangi la samaki la pale ukumbini. Mwanamke wa usafi akanikunjia mkono wa sweta, akanipa sponji.

"Sugua hapo, Chebet. Usiangalie nyuma, samaki wataogopa."

Nikasugua kwa bidii. Nyuma yangu kitanda cha magurudumu kilipita polepole, kikilia.

Leo najua samaki hawajali mtoto akigeuka, na najua kitanda kile kilimbeba nani. Siku ile nilimwambia tu baba amwite mama, aje aone kioo kilivyong'aa.