Raudha wa Buguruni na kigelegele alichokifuta

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Buguruni bado haijachangamka, na Raudha Mwishehe ameshafunga dirisha, amezima feni na kuchomoa friji. Anafunua boksi la kulelea vifaranga. Ndani, chini ya taa ya joto, hakuna kifaranga hata mmoja. Imelala tepu ya rili, ile ya zamani ya magurudumu mawili, tangu jana mchana.

Anaitoa kwa vidole viwili, taratibu, kama anayegeuza chapati bila mwiko. Muda wake unaishia saa moja. Hapo mashine ya kusaga ya jirani huwashwa, ukuta ukatetemeka, na kurekodi kukangoja kesho.

"Usinisemeshe mpaka iishe," ananiambia. "Hii ikinikatalia leo, mie sina uso wa kwenda tena Mikocheni."

Raudha, mwenye miaka 56, anauza muziki. Ngoja, usimfananishe na wale wa kujaza flashi, nyimbo mia mbili kwa elfu moja. Kwake unanunua albamu moja kwa elfu kumi na tano, na huuziwi mpaka ukae kwenye kiti chake cha plastiki uisikilize kwanza. Wateja wake ni watu wenye muziki mnene sebuleni, waliotoa hela ya kiwanja wakanunua spika, kisha wakagundua hawana cha kupiga kinacholingana nazo.

"Spika nzuri ni mmbea, haifichi kitu," anasema. "Wenzangu wanatafuta bezi. Mie nasikiliza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Nikiisikia pumzi, najua hapa pana muziki."

Muziki wa siku hizi anaupenda, ila anaukasirikia. Anasema umebanwa ukawa juu mwanzo mwisho, mfano wa mgeni anayefoka tangu kubisha hodi. Yeye anatafuta ule unaoshuka mpaka ikubidi usogee karibu usikie, halafu dumbaki ikilia unaruka kitini.

Masikio hayo aliyapata kwa marehemu mumewe, Suleiman, fundi redio. Alipofariki mwaka 2009, ndugu walimshauri Raudha afungue genge. Akawajibu kwamba nyanya hazijui, sauti anazijua. Hapo ndipo nilipompenda huyu mama.

Tepu zake ni za mzee Polikarpo, aliyekuwa fundi mitambo wa studio moja iliyokwisha fungwa. Aliporudi kwao Ifakara alimwachia tepu 41 na mashine ya kuzipigia. Alimfundisha pia kwamba tepu kuukuu hunywa unyevu na kubanduka, kwa hiyo ipashwe joto pole pole siku nzima, kisha ipigwe kila mara kama vile haitapigika tena. Sita zimeshamgeukia unga wa kahawia mikononi. Anasema alizililia kama amefiwa.

Ya leo ni ya saba kutishia, na kosa ni lake mwenyewe.

Ni taarabu iliyorekodiwa ukumbini mwaka 1984, kwa maikrofoni mbili tu, safi mno. Udi unausikia upande huu, ganuni upande ule. Muhsin, mfanyabiashara mstaafu wa Mikocheni, aliagiza nakala baada ya kusikia kwamba Raudha anayo. Raudha akadhani wenye spika kubwa hawataki makelele. Akakaa kwenye kompyuta siku mbili, akafuta kila kigelegele kati ya beti, akahifadhi juu ya ile ile nakala ya kwanza aliyoitoa kwenye tepu, ikafutika. Akaipeleka kwa madaha.

Muhsin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bi Raudha, mama yangu umemweka wapi?"

Mama yake, Bi Khulud, alikuwa ukumbini usiku ule, safu ya mbele. Kigelegele chake mtaa mzima walikijua, kirefu, kinachokatika mara mbili mwishoni. Alifariki 1991. Hakuna pengine popote sauti yake iliposalia.

Raudha anasimulia kwamba ardhi ingepasuka angeingia. Muhsin hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hakukuwa na njia ila kuipiga tena tepu ambayo mara ya kwanza tu ilishaanza kubanduka.

Sasa anabonyeza. Magurudumu yanazunguka, nami nimevaa hedifoni ya pili. Dakika ya kumi, vumbi la kahawia linaonekana kwenye kichwa cha mashine. Hawezi kusimamisha apanguse, maana tepu ikisimama itanata. Sauti za juu zinaanza kufifia. Raudha amefumba macho, midomo inamwenda kwa dua.

Dakika ya kumi na tisa kigelegele kinapanda, kirefu, kikakatika mara mbili. Raudha hafumbui macho mpaka wimbo umekwisha. Tepu inayotoka upande wa pili ina mabaka yanayopitisha mwanga. Imekufa. Anahifadhi nakala sehemu tatu, anaketi chini, analia.

Jumamosi mchana tuko Mikocheni. Safari hii nakala haijaguswa, kikohozi cha watu kimo, viti vinavyoburuzwa vimo. Muhsin ameinamia spika. Jikoni yuko dada yake mkubwa, Wahiba, ambaye hakuna aliyemwambia tumekuja kufanya nini.

Kigelegele cha mama yao kikapanda sebuleni. Na kwa kuwa kigelegele cha mwenzio huitikiwa, Wahiba akakiitikia kule kule jikoni, mara moja, kabla hajajua anamwitikia nani. Kisha akatokea mlangoni na upawa mkononi, akasema, "Muhsin, huyo ni mama."

Raudha amebakiwa na tepu 34, na ameapa kutoifuta sauti ya mtu asiyemjua. Anataka kuwakalisha wazee wa vikundi vya zamani wamtajie nani ni nani, ayaandike majina, na kila nakala iuzwe na majina yake. Waliokuwa ukumbini usiku ule, Wahiba anawajua watatu walio hai. Wanakuja Buguruni Alhamisi, baada ya jirani kuzima mashine. Mmoja wao hasikii vizuri siku hizi. Raudha amepanga kumkalisha mbele kabisa, spika imwelekee.